Mtandao uko chini? Huenda kosa limefichwa ndani ya ukuta

Na Mwandishi Wetu

MANENO “mtandao uko chini” yamekuwa sehemu ya maisha ya mkazi wa mjini. Mteja wa benki huambiwa hivyo baada ya kusimama kwenye foleni saa nzima. Mgonjwa huambiwa hivyo kwenye dirisha la malipo, huku karani akimwonyesha kompyuta iliyoganda. Naye mfanyabiashara huyasikia pale mteja anapotaka kulipa kwa kadi na mashine ikagoma.

Mara nyingi lawama hupelekwa mbali. Wapo wanaolitupia lawama Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), na wapo wanaoamini kuwa mkongo wa baharini umekatika. Lawama hizo si uzushi mtupu. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu katika eneo la kusini mwa Afrika, na huduma ya intaneti ikazorota kwa siku kadhaa nchini Tanzania na katika nchi jirani. Vilevile, mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule uliofika hadi mapema mwaka 2024 haujasahaulika.

Hata hivyo, mikongo ya baharini imekuwepo tangu Seacom ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, ikifuatiwa na EASSy mwaka 2010. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao umefika mikoani. Kwa upande wa umeme, Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa Februari 2024. Pamoja na hayo yote, ofisi, maduka na viwanda vingi bado huzimika au kukosa mawasiliano wakati majirani zao wanaendelea na kazi.

Jirani anapokuwa na umeme na mtandao na wewe huna, kosa si la baharini wala la bwawani. Liko ndani ya jengo, katika nyaya zilizopita juu ya dari na ndani ya kuta, ambazo mwenye jengo alizilipia mara moja akazisahau na mpangaji hajawahi kuziona.

Makala haya yanaeleza jinsi nyaya hizo zinavyofanya kazi, mahali zinapoharibikia, na mambo ambayo mwenye jengo au mpangaji anapaswa kuyauliza kabla hajatia saini mkataba.

Umeme unavyoingia katika jengo

Umeme husafirishwa mitaani kwa msongo wa kilovoti 33 au 11 hadi kwenye transfoma. Hapo hushushwa kuwa volti 400 kati ya fezi na fezi, sawa na volti 230 kati ya fezi moja na waya wa nyutro. Nyumba ya kawaida hutumia fezi moja. Jengo la biashara au kiwanda hupokea fezi tatu, ambazo huingia kwenye swichi kuu, kisha hugawanywa kwenye masanduku ya sakiti ya kila ghorofa, na kutoka hapo huenda kwenye taa, soketi, viyoyozi na mitambo.

Jambo la kwanza linaloharibika katika mpangilio huo ni mgawanyo wa mzigo. Mhandisi aliyechora jengo huwa ameugawa mzigo kwa uwiano katika fezi zote tatu. Lakini mpangaji mmoja anapoongeza viyoyozi vinne na mwingine akaleta majokofu, fundi huchomeka pale anapoona nafasi. Baada ya miaka michache fezi moja huwa imeelemewa huku nyingine mbili zikiwa na mzigo mdogo. Breka ya fezi iliyoelemewa hukata kila mchana joto linapopanda, na watu husema, “umeme wa jengo hili ni mbovu.”

Jambo la pili ni waya wa nyutro. Fezi tatu zikiwa na mizigo iliyolingana, mikondo yake hufutana katika nyutro, na ndiyo sababu zamani baadhi ya mafundi waliweka waya mwembamba upande huo. Lakini kompyuta, taa za LED na chaja havichukui umeme kwa mtiririko laini, bali huuvuta kwa vipande vifupi vifupi. Sehemu ya mikondo ya aina hiyo haifutani, bali hujumlishana katika nyutro. Kwa hiyo ofisi iliyojaa kompyuta inaweza kuwa na nyutro yenye joto kali kuliko fezi zenyewe, na kwa kawaida hakuna breka inayoilinda nyutro hiyo.

Nyutro hiyo ikilegea au kukatika, hatari huwa kubwa zaidi. Vifaa vilivyotengenezwa kwa volti 230 hujikuta kati ya fezi mbili, na baadhi yake vinaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Kompyuta, friji na runinga huungua kwa pamoja katika dakika moja. Mara nyingi TANESCO ndiyo hulaumiwa, kumbe skrubu moja ndani ya jengo haikukazwa.

Hesabu ya waya na joto

Kila waya huupinga mkondo unaopita ndani yake, na upinzani huo hugeuka kuwa joto. Joto hilo haliongezeki kwa uwiano wa moja kwa moja: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne, mkondo ukiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Hii ndiyo sababu waya uliofanya kazi kwa miaka kumi bila tatizo unaweza kuungua ndani ya mwezi mmoja baada ya kuongezewa viyoyozi viwili.

Tuchukue mfano. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 2.5, ambao hutumika sana kwa soketi, una upinzani wa takriban omu 7.4 kwa kila kilomita. Soketi ikiwa mita 30 kutoka kwenye sanduku la sakiti, umeme husafiri mita 60, kwenda na kurudi. Mkondo ukiwa ampea 20, volti karibu 9 hupotelea njiani. Kwa hiyo kifaa hupata volti 221 badala ya 230, na wati zipatazo 180 hubaki ndani ya ukuta kama joto. Umbali ukiwa mita 60, hasara hiyo huwa maradufu.

Sasa tuseme fundi, kwa kubana gharama, ameweka waya wa milimita 1.5, au ameuziwa waya wenye namba 2.5 ilhali shaba iliyomo ni pungufu. Joto hupanda, plastiki ya waya hukauka na kupasuka, na siku moja fezi hugusana na nyutro juu ya dari, mahali ambapo hakuna anayepaona.

Kazi ya breka au fyuzi ni kuulinda waya huo kabla haujafikia hali hiyo. Kwa sababu hiyo, fundi anayeondoa breka ya ampea 20 inayokata mara kwa mara na kuweka ya ampea 40 hajatengeneza chochote. Amemwondoa mlinzi aliyekuwa akipiga kelele. Ndivyo ilivyo pia kwa yule anayefunga kipande cha waya mnene badala ya fyuzi.

Aidha, waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, si pambo. Mwili wa chuma wa mashine ukiguswa na fezi, ethi nzuri hupeleka mkondo ardhini na kuifanya breka ikate mara moja. Pale ambapo ethi haipo au nondo yake imeliwa na kutu, njia inayobaki ni mwili wa mtu atakayeigusa mashine hiyo. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, kilichopangwa kukata kwa miliampea 30, huongeza kinga hiyo. Nacho kina kitufe cha kujaribia, ambacho katika ofisi nyingi hakijawahi kubonyezwa tangu siku kilipofungwa.

Nyaya za mawasiliano nazo zina sheria

Nyaya za kompyuta huonekana dhaifu na zisizo na hatari, na kwa sababu hiyo kazi yake hupewa yeyote mwenye koleo. Ukweli ni kwamba zinahitaji uangalifu mkubwa kuliko za umeme.

Ndani ya kebo moja ya mtandao mna nyaya nane, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne. Msokoto huo ndio kinga yake. Kelele za umeme kutoka nje huzipiga nyaya mbili za jozi kwa kiasi kinachokaribia kulingana, na kifaa kinachopokea husoma tofauti kati yake tu, hivyo kelele hufutika. Fundi anayefumua msokoto kwa sentimita nne au tano anapofunga soketi huwa ameivunja kinga hiyo. Viwango vya kimataifa huruhusu kufumua milimita 13 tu.

Umbali nao una kikomo. Kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka swichi ya mtandao hadi kompyuta. Kati ya hizo, mita 90 ni za kebo iliyofungwa ukutani na 10 ni za nyaya za kuunganishia pande zote mbili. Kebo ya daraja la 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde kwa umbali huo. Ya daraja la 6 inaweza kubeba gigabiti 10, lakini kwa umbali usiozidi mita 55. Anayetaka gigabiti 10 kwa mita 100 kamili anahitaji daraja la 6A.

Kosa jingine ni kupitisha kebo ya mtandao pamoja na ya umeme katika bomba moja. Mbali na kelele zinazopunguza kasi, plastiki ya waya wa umeme ikichubuka, volti 230 huweza kuingia katika kila kompyuta iliyounganishwa. Nyaya hizo zinapaswa kupita katika njia tofauti, kwa umbali unaotegemea ukubwa wa mzigo, na zinapolazimika kukutana zipishane kama msalaba badala ya kulazwa sambamba.

Katika masoko yetu kuna pia tatizo la kebo za bei nafuu ambazo ndani yake si shaba, bali ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini huupinga mkondo kwa zaidi ya mara moja na nusu ikilinganishwa na shaba, na huvunjika kwa urahisi inapokunjwa. Zamani, pale kebo ilipobeba taarifa tu, mtumiaji aliona mtandao wa polepole na basi. Leo kebo hiyohiyo hubeba na umeme wa kamera za ulinzi, simu za mezani na vifaa vya intaneti isiyo na waya. Kiwango cha kwanza cha teknolojia hiyo, cha mwaka 2003, kiliruhusu wati 15.4, kile cha mwaka 2018 kinaruhusu hadi wati 90. Fungu la kebo 50 za alumini zilizobanwa pamoja juu ya dari na kubeba umeme huo ni jiko dogo.

Kati ya ghorofa na ghorofa, na hasa kati ya jengo na jengo, mahali pa shaba panapaswa kushikwa na faiba. Faiba hupitisha mwanga, hivyo haisumbuliwi na mota za kiwandani, wala haiingizi radi ndani ya ofisi. Kebo ya shaba iliyotandazwa nje kutoka ghala hadi ofisi huialika radi hadi mezani.

Jenereta, betri na roho ya mfanyakazi

Umeme unapokatika, jenereta ya kujiwasha huhitaji sekunde kadhaa kabla haijachukua mzigo. Kwa taa hilo si tatizo, lakini kwa seva ya benki au hospitali sekunde moja inatosha kuharibu taarifa. Hapo ndipo inapohitajika UPS, ambayo betri zake hushikilia mzigo hadi jenereta ikae sawa.

Betri hizo zina adui mmoja mkubwa katika mji kama Dar es Salaam, nalo ni joto. Betri za risasi hupimwa kwa nyuzi joto 25, na kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, umri wake hupungua kwa karibu nusu. UPS iliyofungiwa katika kichumba kisicho na hewa, pamoja na mafagio na makopo ya rangi, hufa mapema bila kutoa taarifa, na mwenyewe hugundua siku umeme unapokatika.

Jenereta nayo inapaswa kuunganishwa kwa swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenjiova. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba umeme wa TANESCO na wa jenereta haviwezi kuungana hata kwa bahati mbaya. Anayeunganisha jenereta kwa njia ya mkato hupeleka umeme wake kinyumenyume hadi kwenye transfoma, ambayo huupandisha kuwa maelfu ya volti kwenye nguzo za mtaani. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini laini imezimwa, anaweza kufa kwa jenereta ya mtu asiyemjua.

Viwandani kuna mzigo wa aina nyingine. Mota kubwa inapowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule wa kawaida, na jenereta iliyonunuliwa kwa kuhesabu wati tu huzimika palepale. Vilevile, mota hurudisha sehemu ya nguvu katika njia ya umeme bila kuitumia, ilhali nyaya na transfoma hulazimika kuibeba. Kiwanda kinachotumia kilowati 100 kwa ufanisi wa 0.7 huvuta kVA 143. Kikifunga kapasita na kufikia 0.95, huvuta kVA 105. Kwa kuwa wateja wakubwa hutozwa pia kwa kilele cha kVA na si kwa uniti peke yake, tofauti hiyo huonekana katika ankara ya kila mwezi.

Tundu dogo, moto mkubwa

Machi 22, mwaka 1975, katika kituo cha nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama nchini Marekani, mfanyakazi alitumia mshumaa kutafuta mahali hewa ilipokuwa ikivuja katika tundu la ukuta lililopitisha nyaya. Sponji iliyoziba tundu hilo ilishika moto. Moto uliwaka kwa takriban saa saba na kuharibu zaidi ya kebo 1,600, zikiwamo za kuongozea mitambo ya usalama. Mitambo ilizimwa salama, lakini tukio hilo lilibadilisha kanuni za kinga ya moto katika vituo vya nyuklia vya nchi hiyo.

Funzo lake linazihusu ghorofa zetu pia. Katika majengo marefu, nyaya hupanda kupitia mashimo ya wima kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu kabisa. Shimo lisipozibwa kwa vifaa visivyoungua, hugeuka bomba la moshi. Nyaya zilizofunikwa kwa PVC ya kawaida zinapoungua hutoa moshi mzito wenye gesi inayogeuka tindikali katika unyevu wa macho na mapafu. Mtu aliye ghorofa ya saba anaweza kuathiriwa na moto wa ghorofa ya kwanza asiouona. Zipo kebo zenye moshi mdogo na zisizotoa gesi hiyo. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini ndizo zinazofaa katika njia ambazo watu wengi hupita.

Tatizo ni kwamba kila mpangaji mpya huleta fundi wake, naye hutoboa tundu jipya, hupitisha kebo yake na kuondoka bila kuziba. Kebo za mpangaji aliyehama haziondolewi, bali huachwa zikilundikana, na baada ya miaka kumi hakuna ajuaye ipi hai na ipi mfu.

Maswali ya kuuliza

Kwa mujibu wa sheria, kazi ya kufunga umeme hufanywa na mtu mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ya daraja linalolingana na ukubwa wa kazi. Swali la kwanza kwa fundi, basi, ni leseni na daraja lake. Nyaya na vifaa viwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na vinunuliwe kwa risiti.

Swali la pili ni vipimo. Kazi ya umeme haijakamilika hadi upimwe upinzani wa plastiki ya nyaya, uimara wa ethi na utendaji wa breka. Kazi ya mtandao nayo haijakamilika hadi kila kebo ipimwe kwa kifaa maalumu na matokeo yaandikwe. Kuwaka kwa taa ya kijani kwenye swichi si kipimo. Huonyesha tu kwamba nyaya zimegusana.

Swali la tatu ni michoro na alama. Kila breka na kila kebo iwe na jina, na mchoro wa jengo jinsi lilivyojengwa ubaki mikononi mwa mwenye jengo. Bila mchoro, fundi wa kesho hukisia, na katika umeme kukisia kuna gharama.

Swali la nne linamhusu mpangaji: jengo limepangiwa mzigo kiasi gani kwa kila ghorofa, na nani atalipa ukiongezeka? Mikataba mingi ya pango hueleza kwa kirefu habari ya kodi na rangi za kuta, lakini hainyanyui mdomo kuhusu ampea. Matokeo yake, jengo linapoungua au biashara inapozimika, mwenye jengo humnyooshea kidole mpangaji, naye mpangaji humnyooshea fundi ambaye simu yake haipatikani tena.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jengo la biashara, wakati wa kuuziba ufa huo ni kabla ya plasta kupigwa na dari kufungwa, pale ambapo tofauti ya bei kati ya waya halisi na wa bandia bado ni ndogo. Baada ya hapo, kila kosa hutafutwa kwa nyundo, huku wateja wakisubiri kwenye foleni na kuambiwa kwamba mtandao uko chini.